Kiraka Kwenye Shingo ya Shaba

Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye michungwa Zulmira alipofika karakana ya fundi Abílio. Giza lilikuwa bado halijaingia, ila taa ilikuwa imewashwa mle ndani, na fundi alikuwa akikunja aproni yake ya ngozi.

"Umefunga, fundi?"

Abílio hakugeuka mara moja. Watu wa kijiji kile cha mlimani hawakuwa na haraka ya kumgeukia Zulmira.

"Nafunga. Kuna nini?"

"Nimepata mtambo wa kupikia pombe, wa shaba. Mkuukuu. Nataka uukague kabla sijautia moto. Machicha ya matunda yangu ya medronyo yameiva mapipani tangu wiki jana. Yakikaa zaidi yatageuka siki."

"Kwani wa kwenu uko wapi?"

Zulmira akamtazama. "Unajua uko wapi."

Alijua. Miaka mitatu nyuma, wiki moja baada ya mumewe Florival kuzikwa, wifi yake Zulmira, Graciete, alikuja na trekta akaupakia mtambo wa familia. Aliwaambia majirani waliojipanga ukutani kwamba mtambo wa marehemu baba yake hautalala nyumba moja na mwanamke aliyemla kaka yake. Hakuna aliyemjibu. Abílio alikuwepo siku ile. Ndiye aliyeshika kamba.

"Umeununua wapi?"

"Mnadani, kule bondeni. Kwa muuza vyuma. Hata yeye hakujua ulikuwa wa nani."

Fundi akasita. Kisha akachukua mfuko wake wa vifaa na tochi, akafunga mlango. Njiani alitembea hatua nne nyuma yake, kama mtu aliyekutana naye kwa bahati mbaya tu.

Mtambo ulikuwa bandani, juu ya meko ya mawe. Chungu chake kilikuwa kipana kama tumbo la punda, na kofia ya shaba ilikuwa imewekwa kando, shingo yake ndefu imepinda kama ya bata. Bomba lilipita kwenye pipa la maji baridi na kutokeza upande wa pili. Zulmira alikuwa ameshausugua kwa ndimu na chumvi mpaka kutu ya kijani ikatoka.

Abílio alianza kazi. Hapo alikuwa fundi, hakuna wa kumbishia. Aligonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Palipolia vizuri alipita. Palipolia kikavu alipapasa kwa gumba kutafuta kama shaba imekonda. Akakijaza maji mpaka ukingoni, wakasubiri. Hakuna tone lililodondoka. Akakwaruza mishono ya nje kwa ncha ya kisu.

"Bati," akasema. "Kazi safi ya zamani."

Kisha akainua ile kofia na kumulika ndani ya shingo.

Mwanga wa tochi ulizunguka mle ndani. Ukasimama.

Ukakaa hapo... muda mrefu.

"Vipi?" Zulmira akauliza.

"Vumbi." Abílio akazima tochi. "Mtambo mzuri. Ziba, tuuchemshe kwa maji na siki usafike. Kesho upike."

Zulmira alikanda unga wa nafaka ya rai, ule mweusi, kwa maji na majivu, mpaka ukawa mgumu kama udongo wa kufinyangia. Wakaiketisha kofia juu ya chungu. Akauviringisha ule unga mrefu kama nyoka, akauzungusha kwenye maungio, akaukandamiza kwa vidole na kuulainisha kwa kiganja kilicholowa. Mama yake alimfundisha hivyo: mvuke unaotoroka hapo ndio unaokutana na moto na kuchoma banda na watu wake. Akawasha kuni. Fundi akaketi kwenye gogo karibu na mlango, mfuko wake tayari magotini.

Nje ukungu ulikuwa umefika dirishani.

Maji yakaanza kuunguruma. Shaba ikatoa milio midogo ya kupata moto, tik... tik... Harufu ya siki ikapanda. Halafu Zulmira akasikia fss, nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

Unga ulikuwa umeachia upande mmoja, na mvuke ulikuwa ukitoka.

"Hujaukandamiza vizuri," Abílio akasema toka mlangoni.

Zulmira akaukandamiza tena, akaongeza kipande. Ukashika. Akahesabu pumzi kumi. Fss... Mahali palepale.

Mara ya tatu aliinama kabisa, taa mkononi, akatazama. Unga haukupasuka kwa joto. Unga ukipasuka kwa joto hufanya nyufa kavu. Huu ulikuwa umevimba kuelekea nje. Kulikuwa na vinundu vinne juu yake, vimepangana.

Akaviona vikiongezeka urefu.

Polepole. Kitu kilikuwa kikisukuma kutoka ndani.

Zulmira hakupiga kelele. Alibaki ameinama, uso wake unapata moto. Pamoja na siki ilikuja harufu nyingine, ya utamu, kama sukari iliyolowekwa na sarafu. Aliijua. Ilikuwa harufu ya pumzi ya Florival miezi yake ya mwisho.

Tena hivi vinundu havikuwa ncha za vidole. Vilikuwa vifundo. Ni mgongo wa mkono uliokuwa ukisukuma.

Florival aliugua hivi. Kwanza tumbo lilimsokota mpaka akawa analala sakafuni amejikunja. Ufizi wake ukapata mstari wa bluu. Halafu, asubuhi moja, alinyoosha mkono kuchukua mkate, na kiganja kikaning'inia kutoka kwenye kifundo kama soksi iliyolowa. Hakuweza kukiinua. Baada ya wiki mbili wa pili nao ukafuata. Zulmira alimfunga kijiko kwenye kiganja kwa kitambaa ili ale mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya. Na mlango aliusukuma kwa mgongo wa mkono, kwa vifundo. Hakuwa na namna nyingine.

Daktari wa mjini alisema ini. Graciete akasema mke. Wakamwita Bibi Perpétua, mwondoa kijicho aliyekaa peke yake juu ya korongo. Akatia maji kwenye sahani, akadondosha mafuta ya zeituni mbele ya Zulmira, watu wakitazama. Mafuta yakatawanyika, dalili ya kijicho. Bibi akaifunika sahani kwa leso na kuondoka bila kusema neno, na hilo lilitosha. Tangu siku hiyo muuza mikate huuacha mkate juu ya ukuta bila kubisha hodi. Kanisani benchi la Zulmira lina nafasi kushoto na kulia.

"Zima moto," Zulmira akasema.

"Unga wako mwepesi tu..."

"Fundi. Zima moto."

Wakasubiri shaba ipoe. Zulmira aliimwagia kofia maji, akaubandua unga, akaishusha kofia juu ya meza kwa gunia. Kabla fundi hajasimama, Zulmira alikuwa ameshachukua kisu chake na tochi yake. Akamulika ndani ya shingo.

Palikuwa na kiraka. Kikubwa kama kiganja cha mtoto, kimepigwa juu ya ufa, rangi ya mawingu ya mvua. Akakikwaruza. Kisu kiliingia kama kwenye jibini. Akapaka ncha ya kisu kwenye ubao wa meza, ikaandika kama kalamu.

Florival alikuwa mwindaji. Alikuwa akiyeyusha risasi mwenyewe jikoni. Zulmira alijua madini ya risasi yanavyoonekana.

"Hii si bati," akasema.

Abílio akasimama, mfuko mkononi.

"Uliiona."

"Mama..."

"Uliiona ukaniambia vumbi. Ulitaka nipike humu kesho. Ninywe."

Fundi alikuwa amesimama, lakini hakwenda popote. Mlango ulikuwa nyuma yake, na nyuma ya mlango ukungu. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeongea kanisani.

"Huu mtambo ulikuwa wa marehemu Perpétua."

Kuni iliyobaki ikalia kwenye meko, ikakatika.

"Shingo ilipasuka," akaendelea. "Akaniita. Bati nilikuwa sina, hata mjini halikuwepo. Nilikuwa na risasi ya bomba la zamani. Nikamwambia, bibi, hiki cha muda tu, chemshia maji yako ya majani ya rozmari, pombe usipike. Akasema sawa."

"Naye akapika."

"Akapika. Watu wakaipenda. Wakasema ya Perpétua ina utamu."

Florival alisema hivyo pia. Kila Jumamosi alipanda korongoni kumpasulia kuni yule bibi, akarudi na chupa. Zulmira hakuwa mnywaji. Alichukia ile chupa kwa sababu ilikuwa chupa, hakuwahi kuichukia kwa sababu nyingine.

"Ulijua lini?"

"Sikujua..."

"Fundi, ulijua lini?"

Abílio akatazama mikono yake. "Mikono ya mumeo ilipoanguka. Mwalimu wangu wa kazi alikufa hivyo. Fundi yeyote anajua."

"Na Florival alikuwa bado hai."

"Alikuwa hai."

"Aliishi miezi minne baada ya hapo. Ungesema neno moja, angeacha kunywa."

"Wangenifunga, mama. Nilikuwa na wasichana wawili wa kuozesha."

"Ulibeba jeneza lake," Zulmira akasema. "Ulikuwa mbele, kulia. Wifi yangu aliponitemea mate pale makaburini, ulikuwa umesimama hivi, karibu kama sasa. Ukafuta mate yaliyokurukia kwenye kiatu."

Alisema hivyo bila kupandisha sauti. Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka makavu, kama kitu kilichokaa muda mrefu juu ya moto mdogo.

"Kesho utawaambia watu."

Hapo Abílio akainua uso, na hakukuwa na toba ndani yake, bali uchovu tu. "Nani atakuamini? Nikikataa, watasema mchawi anamsingizia fundi. Nitakutolea hiki kiraka sasa hivi, nitakuwekea bati, bure. Utapika medronyo safi. Yaliyopita yalale."

Kabla Zulmira hajajibu, fundi alikuwa ameshachukua patasi, ameikumbatia kofia kwa mkono wa kushoto, na kuingiza wa kulia ndani ya shingo mpaka karibu na kiwiko. Zulmira alielewa. Kiraka kikitoka kingeingia mfukoni mwa fundi, na hakuna ambaye angekiona tena.

Patasi iligonga mara mbili.

Ya tatu haikugonga.

Abílio alikunja uso kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Akavuta mkono. Haukuja. Akavuta tena, kofia ikaburutika juu ya meza pamoja naye.

"Umekwama?" Zulmira akauliza.

Akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kuna mtu," akanong'ona.

Zulmira akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mapipa.

"Amenishika... hapa, kifundoni. Mama, ana baridi. Mwambie... mwambie aniachie."

Kofia ilikuwa tupu. Zulmira alikuwa ametoka kuimulika. Haikuwa na nafasi ya paka. Lakini shaba ilianza kulia yenyewe, sauti ya chini sana iliyoingia kwenye meno kuliko masikioni, na ndani ya sauti ile kulikuwa na pumzi. Ile harufu tamu ikajaa banda lote. Mkono wa fundi ulitikisika mara moja, kwa nguvu, kama mlango unaojaribiwa na mtu wa nje.

Zulmira angeweza kumsaidia kuvuta. Baadaye, akiwa peke yake, alilifikiria hilo mara nyingi. Alisimama tu. Aliita jina moja, tena kwa kunong'ona.

"Florival?"

Sauti ikakatika.

Mkono ukatoka. Patasi na kiraka vikaanguka pamoja juu ya mawe. Abílio akauinua mkono wake mbele ya taa. Haukuwa na alama, wala alama ya moto, wala mkwaruzo.

Kiganja kilining'inia. Alijaribu kukiinua. Vidole vilitetemeka kidogo, vikabaki vinatazama chini.

Aliondoka bila mfuko wake, bila kofia yake ya kichwani. Ukungu ulimmeza kabla hajafika kwenye michungwa.

Daktari wa mjini, safari hii, alikuwa na jibu. Alisema ni sumu ya risasi. Mtu akifanya kazi ya kulehemu miaka arobaini bila kujikinga, siku moja mishipa huchoka. Inaweza kutokea ghafla. Zulmira alisikia habari hizo dukani, alipoingia na mazungumzo yakakatika. Aliona watu wakitazama mikono yake. Aliondoka na chumvi aliyokuja kununua, na nyuma yake sauti ya Graciete ikasema taratibu, kwa kila aliyetaka kusikia:

"Alimwita nyumbani kwake jioni. Asubuhi mkono umekufa. Mnataka sahani nyingine ya mafuta?"

Jumapili iliyofuata Abílio alisimama nje ya kanisa, watu wakitoka, akasema yote. Alisema kiraka. Alisema Perpétua. Alisema Florival alikufa kwa kazi ya mikono yake na mjane hana kosa. Alilia. Zulmira alikuwa amesimama ngazini, na kwa muda wa pumzi mbili au tatu aliamini kwamba miaka mitatu ilikuwa imekwisha.

Kisha mwanamke mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Graciete akamshika fundi bega, kwa huruma ya kweli kabisa.

"Maskini," akasema. "Mpaka ulimi wake mchawi ameushika."

Zulmira aliwaonyesha kiraka. Hakuna aliyetaka kukigusa. Padri alimwomba akiweke mbali, mwanangu, watu wametaharuki.

Fundi mwingine, wa mji wa mbali asiyemjua mtu, alikuja akaziba shingo kwa bati safi, akamwonyesha Zulmira jinsi linavyong'aa na jinsi kisu kisivyoingia. Wakauchemsha kwa maji na siki, wakamwaga, wakarudia. Jumanne Zulmira akapika. Alimwaga kikombe cha kwanza chenye ukali, kama inavyopaswa, akakinga kilichofuata. Unga ulishika pande zote. Alikaa karibu nao toka asubuhi mpaka kuni zikaisha, taa mkononi, akisubiri. Haukuvimba hata mahali pamoja.

Alilia hapo tu, siku zote hizo. Mume wake alikuwa ametoka kaburini, na hakuwa ametoka kwa ajili yake.

Alhamisi, saa nane mchana, mlango uligongwa chini, kwa ncha ya kiatu. Abílio alisimama nje. Alikuwa amekonda. Mikono yake yote miwili ilining'inia.

"Umeanza wa kushoto," akasema. "Jana."

Zulmira akamwacha aingie. Hakumpa kiti.

"Nimesema mbele ya watu, mama. Umenisikia. Kwa nini haniachii? Usiku na mchana nahisi vidole. Mwambie."

"Mimi simwambii kitu. Hata kwangu haji."

"Basi kwa nini..."

Zulmira alitazama ile mikono. Mkono mmoja alidhani anaujua umeshikwa na nani. Wa pili hakuujua.

"Fundi. Nani mwingine alikuwa akinywa ya Perpétua?"

Abílio akafunga macho.

"Wengi," akasema.

"Waliokufa."

Akaanza kutaja. Mchoma mkaa wa kule juu, waliyesema alikufa kwa tumbo. Ndugu wawili wa kinu cha maji. Alitaja kila jina kwa sauti ya chini, kama anayemwita mtu huku akiomba asisikie. La nne lilikuwa Norberto.

"Norberto yupi?"

"Shemeji yako. Mume wa Graciete."

Norberto aliyekufa kwa kifua, walivyosema, mwaka mmoja kabla ya Florival. Graciete anavaa nyeusi mpaka leo.

"Endelea," Zulmira akasema.

Yalifika kumi na moja. Alipomaliza, Zulmira akachukua shali yake msumarini.

"Twende ukamtajie wifi yangu. Jina la mume wake. Leo, kukiwa kweupe."

"Hataamini."

"Hataamini. Twende."

Abílio akasogea mpaka mlangoni, akasimama. Hakuweza kuzungusha kitasa. Akasubiri, kichwa chini, huku Zulmira akijifunga shali bila haraka, akimwacha asubiri.

Kisha fundi akashtuka, mabega yote mawili, na mikono yake ikainuka kidogo toka mapajani. Yeye hakuiinua. Iliinuka mbele yake, viganja vikining'inia, kama ya mtoto anayeshikwa huku na huku na watu wazima ili avuke njia.

"Mama," akanong'ona. "Wameshajua tunakokwenda."

Zulmira akafungua mlango.